Siku Difu Ilipopumua

Mke wangu Syombua husema nimelala chini ya magari miaka mingi kuliko niliyolala kitandani mwake. Simbishii. Sasa mgongo umekataa, niko hapa Kathonzweni na mbaazi zangu na mbuzi wachache, na bado hakupiti wiki bila nyinyi vijana wa chuo cha ufundi kuja kupiga hodi. Swali ni lile lile: "Mzee Kimanzi, hii gari inavuja oili. Nimebadilisha sili, bado inavuja. Nifanye aje?"

Nimechoka kumjibu mmoja mmoja. Leo nawajibu wote, na msiposikia shauri yenu.

Wengine pia mmeniuliza kwa nini nilikuwa na kichwa kigumu, kwamba nilikuwa simrudishii mtu gari lake mpaka mimi mwenyewe nipande nalo mteremkoni. Nitawaambia. Lakini mjue kwamba nikiwaambia hilo nitakuwa nawaambia pia habari ya siku niliyokaribia kuua akina mama wanane na watoto wao, kwa vipande viwili vya mti vidogo kuliko kidole changu cha mwisho. Siipendi habari hiyo. Ila katika kazi yangu yote sijawahi kushangaa kama nilivyoshangaa siku ile, na mtu akishangazwa hivyo hana haki ya kunyamaza.

Tuanze na tone la oili. Tone la oili ni mwongo. Unaliona linaning'inia chini ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, unaapa sampu imetoboka, kumbe limeanzia juu kabisa kwenye kifuniko cha valvu, likatambaa ubavuni mwa injini, upepo ukalisukuma nyuma, likajikusanya pale ulipolikuta. Ndiyo maana nawaambieni, kabla ya spana ni brashi. Osha injini yote kwa mafuta ya taa, kausha kwa kitambaa, kisha pulizia unga mweupe sehemu yote unayoshuku. Endesha gari kidogo, rudi, lala chini, uangalie. Mahali oili inapotokea utaona unga umelowa mstari mwembamba, na mstari huo haudanganyi.

Siku hizi natumia chaki ya shule iliyosagwa. Zamani nilitumia unga wa mahindi, mpaka Syombua alipoinua kifuniko cha debe akakuta nusu.

"Kimanzi, watoto wale nini, na gari limepakwa poda?"

Nikahamia kwenye chaki.

Jambo la pili ni mkono. Nilipoanza kazi nilikuwa na nguvu za fahali na akili kiasi chake. Nikiona kifuniko kinavuja, nakaza bolti. Kikivuja tena, nakaza tena. Gari la kwanza nililokabidhiwa peke yangu nilikaza mpaka gasketi ikachomoza nje kama ulimi wa ng'ombe, na oili ikamwagika kuliko mwanzo. Bolti ndogo haitaki nguvu, inataka zamu: kaza hii kidogo, vuka ukaze ya upande wa pili, rudi. Gasketi yenyewe tulikuwa tunakata kwenye karatasi ngumu ya kalenda ya mwaka uliopita. Unailaza juu ya chuma, unagonga pembeni polepole kwa nyundo ndogo, na chuma chenyewe kinaikata kwa kipimo chake. Nyinyi mna dawa ya kwenye tyubu, na mnaipaka kama mnasiriba nyumba. Ile inayobanwa ikaingia ndani inaenda kuziba chujio la oili, na injini inakufa kwa kiu wakati mmejaza oili pomoni.

Sasa nije kwa gari lenyewe. Enzi hizo nilikuwa Ikutha, na gereji yangu ilikuwa ua wa nyumba yangu: shimo nililochimba mwenyewe nikalijengea mawe, na mabati manne juu. Kanisa moja lilikuwa na fowili kuukuu, la aina ile ya kupanda mlima wowote, na lilitumiwa na kliniki ya akina mama na watoto. Dereva wake alikuwa Kyalo, rafiki yangu tangu utotoni, mtu mpole asiyeongea akiendesha. Gari lile lilivuja kila mahali. Likisimama sokoni, wazee walikuwa wanamtania Kyalo, "Hii gari yenu inajua mila kuliko nyinyi wakristo. Kila ikisimama inawamwagia wazee wa kale kidogo." Nililipenda sana. Nilifunga injini, nikafunga giaboksi, nikafunga kila kitu mpaka likakauka, na wale wazee wakakosa la kusema.

Aliyenifundisha kujua oili hakuwa mtu wa kwetu. Aliitwa Abdi, mfanyabiashara wa mifugo kutoka kaskazini, aliyekuja Ikutha na lori lake kila siku ya soko kununua mbuzi. Lori hilo alilitengeneza mwenyewe, kwa sababu huko alikopita likiharibika hakuna wa kumwita. Mara ya kwanza aliniona nikiwa chini ya gari nimeshika tone kwenye kidole, nimepotea. Akachuchumaa, akachukua kidole changu kama daktari, akanusa, akafumba macho.

"Hii si ya injini," akasema, akigonga lile bonge la gia katikati ya magurudumu. "Hii ni ya difu. Nusa. Yai bovu, sivyo? Ya injini ikizeeka inanuka moto. Ya breki ni nyepesi kama maji, na ikidondokea rangi inakula."

Akanitembeza gari zima nikiwa nimefumba macho, ananipaka tone moja moja kidoleni na kunifanya nitaje. Nilikosea, nikakosea, kisha nikapata. Nilishangaa kwamba chuma kina harufu zake mahali mahali, na kwamba nilikuwa nimeishi ndani yake miaka bila kuzinusa. Alipokuwa anaondoka akaniambia neno moja ambalo sikulielewa.

"Wewe Kimanzi unauliza tu oili inatoka wapi. Siku moja uliza pia kwa nini inataka kutoka."

Nilidhani ni maneno ya mtu aliyekaa jangwani sana.

Kisha ikaja mvua. Nyinyi mnaijua mito yetu ya mchanga: miezi tisa unavuka ukivuta vumbi, halafu siku moja maji yanakuja yamebeba miti mizima. Ng'ambo ya mto Tiva kulikuwa na akina mama wanangoja chanjo za watoto, na Sista Kaluki, muuguzi wa kliniki, hakuwa mtu wa kuambiwa mto umejaa. Kyalo akaja kwangu na wasiwasi. Maji yangefika usawa wa ekseli, ule mhimili wa magurudumu, na maji yakiingia ndani ya difu, oili inageuka kuwa kama chai ya maziwa na meno ya gia yanakwisha.

Niwaeleze maji yanaingilia wapi, maana habari yote iko hapo. Juu ya ekseli, mbele na nyuma, kuna kitu kidogo cha shaba ukubwa wa kifungo cha koti. Mnakiita brida. Mimi nakiita kipumulio. Kazi yake ni kuruhusu hewa kutoka difu ikipata moto, na kuingia difu ikipoa. Wakati huo nilikijua kwa jina tu. Nilikiona ni tundu, na tundu ndani ya maji ni hatari.

Baba yangu alichonga vijiko na vigoda, na alikuwa na mizinga ya nyuki. Kwa hiyo nilifanya kitu ambacho hakuna kitabu kimekikataza, kwa sababu hakuna mwandishi wa vitabu aliyekulia kwetu. Nilifungua vile vipumulio viwili. Nikachonga vizibo viwili vya mti mgumu, nikavizungushia nyuzi za katani, nikavipaka nta, nikavigonga kwenye yale matundu, sawasawa na mtu anavyoziba kibuyu. Vipumulio vyenyewe nikavitia kwenye kopo la kakao, nikalitundika msumarini.

Gari lilivuka. Maji yalipiga sakafu, na jioni nilipofungua difu, oili ilikuwa safi kabisa. Hakuna hata tone la maji! Kyalo alinikumbatia. Nilijiona bingwa wa Kitui nzima. Wiki tatu tulivuka hivyo. Mvua ikakatika, mto ukarudi kuwa mchanga, matope yakakauka juu ya ekseli yakafunika vizibo vyangu, na mimi nikavisahau.

Haukupita muda Kyalo akarudi. "Fundi, magurudumu ya nyuma yanalia oili."

Nikanusa. Yai bovu, oili ya difu. Ilikuwa inapita sili ya gurudumu, ule mpira wa kuzuia oili, na kuingia ndani ya drami, na hapo si mahali pa mchezo, kwa sababu ndani ya drami ndimo breki zinamobana. Breki iliyolowa oili haishiki, inateleza. Nikabadilisha sili. Nikazitoa laini za breki, zile pedi zinazobana drami, nikaziosha kwa petroli, nikazichoma juu ya makaa mpaka zikaacha kutoa moshi. Asubuhi nikakagua: kukavu. Wiki haijaisha, Kyalo huyo. Nikabadilisha tena. Asubuhi kukavu, akirudi safari kumelowa. Safari hii hata mbele kulikuwa kumeanza kutoa jasho. Mara moja nilifungua bolti ya kujazia oili gari likiwa ndiyo kwanza limefika, nikasikia "fyuu!" usoni. Nikasema ni joto tu. Nilisikia jibu kwa masikio yangu mawili, nikalijibu kwamba ni joto tu.

Nikabadilisha sili mara ya tatu. Asubuhi moja ya siku ya soko Kyalo akaja kulichukua. Siku hiyo angepeleka akina mama wanane na watoto wao kwa daktari wa watoto aliyekuwa anakuja mara moja kwa mwezi upande wa pili wa mto Athi. Njia hiyo ni tambarare mwendo mrefu, kisha inafika mteremko wa mawe, wenye kona moja mbaya, na chini kabisa ni mto.

"Imepona?" akaniuliza.

"Imepona. Ukiona tone lingine njoo uninyang'anye spana."

Akacheka, akaenda kuwachukua.

Niliingia shimoni kupanga vyombo vyangu. Jua lilikuwa limepanda kidogo niliposikia kikohozi langoni, kile kikohozi cha makusudi. Alikuwa mama mkwe. Nyinyi wa siku hizi mnakula meza moja na mama wa wake zenu, lakini sisi tulikuwa na nthoni. Mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawasemezani ovyo, wakikutana njiani mmoja anaingia kichakani. Yeye alikohoa ili nijue amekuja. Mimi nilijua, nikajikunyata kule chini shimoni, nikangoja aingie jikoni. Hakuingia. Aliketi kivulini pale pale nje, mgongo wake kwangu, akaanza kulalamika kwa binti yake.

"Tazama leso yangu. Nimewaletea uji, umenilowesha njia nzima."

Alikuwa amebeba kibuyu cha uji wa kuchachuka. Kibuyu hicho nilikijua. Kilipasuka zamani, naye akakishona kwa katani, mishono midogo iliyobanana, akapaka nta juu. Mama yule alishona vibuyu vya kijiji kizima.

Syombua akasema, "Lete sindano nikushonee tena. Mshono umeachia."

"Mshono haujaachia. Niliushona mimi. Niliogopa usimwagike njiani, nikagonga kizibo kwa nguvu. Na uji huu umekaa siku mbili, na jua hili. Ukipata joto unataka kupumua. Umekosa pa kupumulia, umetokea kwa mshono."

Nikasikia kizibo kikichomolewa. Tok! Kisha "fyuu", pumzi ndogo.

"Sasa pangusa mshono, uungoje," akasema. "Hautalowa tena."

Nilikuwa nimesimama shimoni, spana mkononi. Sijui kuwaeleza hali ile. Ilikuwa kana kwamba mtu amenifungulia mlango katika nyumba ambayo nilidhani naijua. Wiki zote hizo nilikuwa nashona mshono uliokuwa mzima!

Lakini nilitaka kuwa na hakika, na sikuruhusiwa kumsemesha. Nikaita kutoka chini, "Syombua! Muulize mama, asubuhi alipotoka nyumbani, kibuyu kilikuwa kikavu?"

Nikasikia sauti ya mama mkwe, "Mwanangu, ni nani anaongea ndani ya ardhi?"

"Ni fundi, mama."

"Mwambie fundi kilikuwa kikavu kabisa. Kilianza kulowa jua lilipopata nguvu."

Asubuhi kukavu, mchana kumelowa. Niliruka nje ya shimo mbele ya macho ya mama mkwe, nimejaa grisi mpaka masikioni. Maskini mama akajifunika uso kwa leso. Mbuzi wa kosa hilo nilimpelekea baadaye. Nikalitoa kopo la kakao msumarini, nikalitikisa. Kwanza nilisikia, kisha nikaona: vipumulio viwili vya shaba, vimekaa pale tangu mvua.

Sikumbuki jinsi nilivyofika sokoni, kopo mkononi. Abdi alikuwa anafunga mlango wa nyuma wa lori, mbuzi wameshajaa.

"Abdi, nimeua watu."

Akanitazama. "Wangapi?"

"Bado."

"Basi panda."

Niliyaeleza yote tukiwa njiani, kwa kupiga kelele, maana lori lilikuwa linagonga kila shimo na mbuzi wanalia nyuma yetu. Nilitegemea anitukane. Hakunitukana. Aliposikia habari ya vizibo alifunga macho kidogo, jambo ambalo si zuri kwa mtu anayeendesha, kisha akasema, "Wallahi, nta. Sasa umejua kwa nini inataka kutoka." Baada ya hapo akakanyaga mafuta. Mimi nilikuwa nahesabu mwendo wao kichwani. Saa nzima ya tambarare, difu inapata moto, hewa inavimba ndani, inasukuma oili kwenye sili, oili inaingia kwenye drami, na Kyalo hajui, kwa sababu kwenye tambarare hakanyagi breki sana. Atajua mteremkoni.

Tulifika juu ya mteremko hatukuliona gari la Kyalo. Nilishuka nikatembea mbele ya lori, kwa sababu sikuweza kukaa. Kwenye vumbi niliziona alama za magurudumu, kisha mahali zilipoacha kwenda sawa. Nikapita ile kona nikikimbia.

Lilikuwa limesimama. Limeegemea ukingo wa udongo upande wa mlima, ubavu umekwaruzwa wote na taa moja imevunjika. Akina mama walikuwa wameketi kando ya njia, watoto wanalia, na mimi nikahesabu vichwa mara tatu. Wote walikuwepo. Mmoja alikuwa na jicho lililovimba, mwingine ameshika kiwiko, na wote walikuwa hai. Hatua chache mbele ya gari ukingo wa njia ulikuwa umekatika, na chini niliyaona maji ya Athi.

Sista Kaluki alikuwa amesimama mbele ya Kyalo. "Nilikuambia upunguze mwendo! Mara ngapi nimesema? Hii ripoti itafika kwa kanisa leo leo."

"Alikuwa amelala huyu," mama mmoja akasema.

Kyalo aligeuka. Aliponiona akasema kwa sauti ndogo, "Fundi, nimekanyaga breki ikaenda tu, haikushika kitu. Nikaweka gia ndogo kabisa, gari nikaigonganisha na mlima."

Vijana, nisikilizeni hapa. Ekseli ilikuwa imefunikwa na matope. Hakuna mtu duniani aliyekuwa anakumbuka habari ya vile vizibo isipokuwa mimi na Abdi, na Abdi alikuwa juu kwenye lori. Kyalo mwenyewe alikuwa amevisahau. Kama ningenyamaza, Kyalo angefukuzwa kazi, na mimi ningeitwa fundi mzuri aliyekuja kuokoa. Wazo hilo lilinipitia. Siwadanganyi, lilinipitia na likasimama kidogo.

"Sista," nikasema, "si Kyalo. Ni mimi. Huyu amewaokoa. Mimi ndiye niliyeziba."

"Umeziba nini?" akauliza mama mmoja mwenye mtoto kifuani. Alikuwa anaitwa Nduku, mama mpana mwenye macho yasiyopepesa.

Nikalala kifudifudi, nikaingia chini ya gari. Ekseli ilikuwa ya moto, ilinichoma kiganja. Nikakwangua matope, nikakipata kizibo, nikakishika kwa koleo, nikakivuta.

Fyuuuuuu.

Ilitoka ndefu sana, na ya moto, na yenye harufu yake. Sote tuliisikia. Akina mama wakainama kutazama. Mbuzi kule juu sikuwasikia tena. Nimesikia injini nyingi zikiunguruma, vijana, na zote nilizijua ni mashine. Ile ilikuwa pumzi. Chuma kile kilikuwa kimebanwa kifua wiki zote zile, na mimi nilikuwa nakipiga spana mahali kilipokuwa kinalilia. Nilibaki nimelala pale nimeshika kizibo changu, kazi nzuri kabisa ya kuchonga, na machozi yakanitoka. Nilivutwa miguu na Abdi, aliyekuwa ameshuka.

Tulifanya kazi hiyo pale pale. Lori la Abdi lilivuta gari mpaka juu kwenye tambarare, akina mama wakifuata kwa miguu, tukafungua magurudumu yote manne, tukapangusa drami, tukaosha laini kwa petroli, tukawasha moto wa kuni tukazichoma na kuzikwangua mpaka zikakauka. Tukajaza oili. Nikachomoa na kizibo cha pili, nikarudisha vile vipumulio vya shaba kwa mkono wangu, nikavipuliza kwanza kuhakikisha vinapitisha. Kyalo alijaribu breki pale juu mara nyingi mpaka vumbi likatufunika. Zilishika.

Sista akasema twende, daktari bado anangoja. Hakuna mama aliyeinuka.

Nduku akaniuliza, "Na wewe fundi unaenda wapi?"

"Mimi ninarudi na hii lori, mama. Vyombo vyangu—"

"Unarudi wapi? Hii breki si ni yako? Panda."

Nikamtazama Sista. Sista akaangalia kwingine. Nikapanda.

"Hapana huko nyuma. Kaa mbele, pale kioo iko."

Nikakaa mbele. Kisha Nduku akamfungua mtoto wake kifuani, mtoto wa kike wa miezi kama mitano, akampitisha dirishani akaniwekea mapajani. "Mshike. Mimi nitakaa nyuma na wenzangu. Tukifika chini utanirudishia."

Mikono yangu ilikuwa nyeusi ya oili. Nikajaribu kuipangusa, hakuningoja. Wale wengine wakaanza kupanda.

Kyalo akaweka gia ndogo, tukaanza kushuka. Nilikuwa nimetengeneza mamia ya breki na sijawahi kuketi juu ya breki zangu mwenyewe namna ile, nimepakata uhai wa mtu. Nilisikia kila jiwe. Nilisikia Kyalo anakanyaga, na laini zinashika, anaachia, anakanyaga, zinashika. Mtoto hakulia. Aliyatazama masharubu yangu, kisha akakishika kidole gumba changu chenye oili akakibana kwa vidole vyake vyote. Ile kona ikaja. Nikaziona alama zilizoachwa na gari ukingoni, nikayaona maji kule chini, nikaacha kuvuta pumzi. Kyalo akakanyaga. Gari likapunguza mwendo, taratibu, kwa adabu, likapinda.

Hapo ndipo mapaja yangu yalipopata joto. Mtoto alikuwa amekojoa, suruali yote imelowa, na maji yanaendelea kunichuruzikia mpaka kwenye viatu. Nilimshika vizuri zaidi. Katika miaka yangu yote ya kazi, hicho ndicho kitu pekee kilichovuja ambacho sikutafuta pa kukiziba.